Mgeni na Kigoda Chake

Hadithi fupi mno hunikera, huhisi nimepunjwa. Wiki hii, kwenye kibanda cha chai Kakuma, mwalimu mmoja alitusomea moja gazetini, nzima: “Mgeni alifika. Akakalia kigoda alichokuja nacho.”

“Hiyo ni ishara ya uchoyo wa mwenyeji,” akaamua.

“Uchoyo wapi?” akauliza mzee wa Kiturkana, ameketi kwenye kigoda chake. “Mwanaume hutembea na kigoda yake.”

Mama mkimbizi kutoka Sudan, aliyesimama kwa kukosa nafasi, akasema, “Huyo ni mkimbizi. Nyumba imebaki nyuma, amebeba kiti tu.”

Mzee akainuka, akakipangusa kigoda ambacho usiku ndicho mto wake wa kulalia, akamsogezea.

“Ejok, mama,” akamsalimu kwa Kiturkana. “Kaa.”

Mwandishi aliishia sentensi ya pili. Ya tatu nimeiona Kakuma.