Kombe kwa Kalamu ya Wino

Hebu jamani, nyinyi mliokaa nyuma sogeeni, na anayekoroga chai akoroge polepole. Nikilazimika kupaza sauti, mama mkwe atanisikia huko aliko Tiwi, na kisa hiki ni chake.

Nina shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani. Wenzake wakilipwa hununua viatu. Yeye hununua kalamu za wino, zile za ncha ya chuma, unazozijaza kutoka kwenye chupa kama koroboi. Wallahi bei yake si kitu, hata nusu kilo ya pweza haifiki. Lakini namna anavyoishika, kidole cha mwisho kakikunja kama bibi harusi anayekunywa kahawa mbele ya wakwe. Na daftari sharti liwe la karatasi nzito, ukiandika huku, kule hakuonekani kitu. Ukimpiga nalo mbuzi, mbuzi anazimia.

Mimi shule niliiona kwa dirisha. Ila siku aliponipa nijaribu, nilichora mstari mmoja, kalamu ikateleza yenyewe, nisingezuiwa ningeufikisha Ramisi. Nikanunua yangu. Kila asubuhi naandika jina langu kabla sijapiga mswaki, na jina linazidi kupendeza. Mwenye jina ndiye kabaki vile vile.

Basi mama mkwe akashikwa na kichwa wiki ya harusi ya mjukuu wake. Hospitali alikwenda, vidonge alimeza, kichwa kikakataa kutoka. Akasema, "Niitieni maalim aniandikie kombe. Harusi hii sikosi." Kombe, kwa mgeni asiyejua, ni aya zinazoandikwa kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa.

Tukakusanyika kwake. Maalim akaja, tukamwamkia, sahani ikaletwa. Shemeji akaizuia kwa mkono.

"Maalim, zama za sahani zimepita. Andika kwa kalamu hii, kwenye karatasi hii, kisha tutaichovya."

Mke wangu akamuuliza, "Wino huo unanyweka, kaka?"

"Umetoka Ujerumani," akajibu, kana kwamba huko ndiko wanakofungulia nao kinywa.

Maalim akajaribu herufi moja. Uso ukamchanua kama mtoto aliyepewa halua. Akajaza ukurasa, akaugeuza, akajaza na wa pili. Mgonjwa anaugulia kitandani, yeye anasifu karatasi. "Mashallah, haikwaruzi."

Karatasi ikatiwa kwenye bakuli la marashi. Tukangoja. Maji meupe. Tukakoroga. Meupe vile vile. Mke wangu akaleta maji ya moto, maalim akasugua kwa kidole mpaka kidole ndicho kikaanza kuchujuka. Wino haukutikisika.

Ndipo shemeji akajikuna shingo. "Nadhani huu ni ule usiofutika. Niliuagiza makusudi, jasho lisiniharibie maandishi."

Maalim akatazama dari. Mama mkwe akajiinua taratibu, leso kajifunga kichwani, akachungulia bakulini, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mimi nimeomba kombe, mwanangu. Wewe umeniandikia hati ya shamba."