Usingizi wa Matangani

Mama yangu alikuwa Aveba, mimi Bunia, na katikati yetu kulikuwa na pikipiki. Magari huenda upande ule yanapotaka, na wakati wa mvua hayataki. Ilikuwa miaka miwili sijamwona, tangu siku pikipiki iliponiangukia matopeni ikanivunja mguu. Mguu ulipona. Lakini nikisikia injini inakuja, nilikuwa naingia duka lolote lililo karibu na kujifanya nanunua chumvi. Nyumbani tulikuwa na chumvi nyingi sana.

Kwenye kituo cha afya kulikuwa na mwanasaikolojia, msichana mdogo kuliko kitindamimba wa kwetu. Siku ya kwanza alinikalisha juu ya pikipiki iliyozimwa, pale uani kwao, mpaka kutetemeka kukaisha. Kisha akasema:

"Sasa, mama, rudia kwenu, ulale. Hata saa moja tu. Kichwa inashikaka vizuri ile kitu imejifunza, kama unalala."

Nilicheka. Alikuwa hajaolewa, hakujua anachoomba. Kwetu mwanamke mzima halali jua likiwa juu. Nilijilaza hata hivyo, na kabla usingizi haujanichukua mama mkwe akafungua mlango.

"Mama wa batoto, weye iko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Munganga ndiye alisema nilale."

"Munganga gani wa kulalisha batu?"

Akaita jirani aje kuniombea. Jirani akaja na dada yake, usingizi ukapotea. Wiki iliyofuata, juu ya pikipiki ileile, nilitetemeka upya kana kwamba sijawahi kuikalia. Mama mkwe nilimkasirikia sana, na uji alionipikia nikaunywa.

Mara ya tatu, nikitoka kituoni, nilipita penye matanga. Marehemu sikumjua. Chini ya turubai wanawake walikuwa wamelala kwenye mikeka, bega kwa bega, baada ya kulia usiku kucha. Matangani hakuna anayemuuliza mwanamke kwa nini amelala. Nilisalimia wafiwa, nikavua viatu, nikalala.

Bunia haikosi matanga. Naona haya kuandika hivyo, lakini yalinifaa. Kila nikitoka kituoni nilitafuta turubai. Wiki baada ya wiki, injini ikawashwa, tukazunguka ua, tukatoka barabarani. Woga ulipungua kama homa inavyoshuka. Siku niliyofika sokoni na kurudi juu ya pikipiki, yule msichana alipiga makofi. Mimi sikusikia furaha wala chochote. Tulipanga niende Aveba Jumatatu.

Jumamosi mdogo wangu akapiga simu.

"Yaya, dada yangu, mama ametuacha."

Nilipanda pikipiki siku hiyohiyo. Sikutetemeka. Dereva aliuliza kama apunguze mwendo, nikamwambia aende anavyotaka. Nilingoja machozi njia nzima, hayakuja.

Tulipofika walikuwa wameshatandika mikeka. Mama mdogo, anayefanana na mama yangu mpaka mikono, alinisogezea nafasi kando yake.

"Lala, mwanangu. Umetoka mbali."

Nikajilaza. Hakuna aliyeniuliza kama ni mgonjwa. Nilikaa macho wazi mpaka jua likatua, nikisikiliza pikipiki zinavyoingia moja moja, zikileta waliochelewa kama mimi. Hata moja haikunitisha.