Povu la Jumamosi

Nurys Belliard akishaamua jambo, afadhali umpishe njia. Ndivyo alivyofungua saluni na dada yake Yocasta pale Santiago, Jamhuri ya Dominika, wakati kila mtu alisema mtaa ule una saluni nyingi kuliko vichwa. Na ndivyo alivyoamka asubuhi moja ya mwezi wa Aprili akatangaza kwamba kwenye kona ya draya ya tatu, ile iliyoharibika tangu zamani, ataweka tangi la kioo lenye maji ya chumvi na samaki wa baharini.

"Bahari iko nyuma ya milima," Yocasta alimwambia. "Iache hukohuko."

"Tumeiacha vya kutosha," Nurys alijibu, akaendelea kumfunga mteja rola.

Dada hawa wawili walizaliwa Monte Cristi, kule ambako chumvi hukaushwa kwenye madimbwi na mbuzi hula oregano porini mpaka nyama yao inafika jikoni ikiwa na kiungo tayari. Kila mwaka, Jumapili ya Siku ya Akina Mama, walikuwa wakifunga saluni na kupanda basi kwenda kwa mama yao. Mama alikuwa na mtindo wake. Aliingia baharini na rola kichwani, maji yakamfika kidevuni, akasimama humo akipiga soga na binti zake, kisha akatoka bila unywele mmoja kulowa. Mwaka jana mwezi wa Septemba mama alifariki, nyumba ikapangishwa. Sasa Siku ya Akina Mama ilikuwa inakuja na hapakuwa na pa kwenda, na Nurys alijua kabisa kwamba ataimaliza akilia jikoni peke yake. Hakutaka. Alitaka kipande cha bahari kiwepo mahali fulani, hata kama hakizidi kabati la vyombo.

Hilo hakumwambia dada yake. Tangu mazishi, Yocasta hakutaka kusikia habari za Monte Cristi. Ukitaja tu, anawasha draya.

Tangi lilitoka kwa Don Wenceslao, mzee mwenye duka dogo la samaki karibu na soko, ambaye huzungumza na samaki kwa upole lakini na wanadamu kwa mkato. Alikuja kulifunga mwenyewe. Juu tangi, chini kabatini sanduku la maji lenye pampu ya kuyapandisha, na kando ya pampu mashine ya povu. Mashine hii huvuta hewa kwa mrija mwembamba, huipigapiga ndani ya maji mpaka yatoe povu, na povu hubeba uchafu na kuumwaga kwenye kikombe kilicho juu yake.

"Kikombe kikijaa, unamwaga. Basi," alisema. "Na samaki sikupi mpaka maji na mashine vitulie."

Mchanga wa dukani Nurys aliukataa. Binamu yake alimletea wa kwao, wa Monte Cristi, umejazwa kwenye gunia la mchele, naye akaumimina tangini moja kwa moja. Maji yakawa meupe kama uji. Kesho yake yalikuwa meupe vilevile, na wateja wakaanza kuuliza kama uji huo una mdalasini.

"Uliuosha?" Don Wenceslao aliuliza kwenye simu.

"Mchanga wa baharini, Don? Umeoshwa na bahari tangu dunia iumbwe."

"Utoe. Uuoshe."

Sasa, ukimwambia mwenye saluni aoshe kitu, ataosha anavyojua yeye. Nurys aliuchota mchanga wote kwa kopo, akaupeleka kwenye sinki la kuoshea nywele, akaupaka shampuu mara mbili na kondishena mara moja, akausugua kwa ncha za vidole kama alivyozoea, akausuuza kwa maji ya vuguvugu. Sinki likaziba. Siku hiyo wateja walioshwa vichwa uani kwa ndoo, wengine wakidai wapunguziwe bei. Lakini mchanga ulinukia nazi, na Nurys aliurudisha tangini akijisifu.

Mashine ya povu ilipowashwa, ilipata wazimu. Povu lilijaza kikombe, likafurika kabatini, likasukuma mlango, likatambaa chini ya viti mpaka Doña Tomasina, mteja wao wa tangu siku ya kwanza, akainua miguu na kuuliza kama ni huduma mpya. Don Wenceslao alikuja mbio na pikipiki. Aliinama, akanusa.

"Hii nazi imetoka wapi?"

"Kondishena. Si ulisema niuoshe?"

"Nilisema uuoshe. Sikusema uupeleke harusini."

Wateja walivunjika mbavu. Yocasta alikuwa amesimama na mopu mkononi, na uso wake haukuwa wa mtu wa kuchekacheka. Maji yote yakamwagwa. Mchanga ukaoshwa upya uani kwa mpira wa maji, bila manukato ya aina yoyote, mpaka maji yakatoka safi bila hata kiputo. Mchanga uliozidi Nurys alishindwa kuutupa. Aliuweka kwenye beseni la kuoshea miguu ya wateja, akalisukuma chini ya kaunta.

Wakajaza tena. Jioni hiyohiyo umeme ukakatika, kama kawaida ya mji ule, na hapo ndipo tangi lilipowaonyesha kazi. Pampu iliposimama, maji ya juu yalirudi chini kupitia bomba lilelile lililoyapandisha. Sanduku likajaa, likafurika, maji ya chumvi yakaenea sakafuni kuelekea nyaya za draya. Yocasta aliruka akachomoa plagi zote za draya, akateleza, akakaa chini kwa kishindo. Umeme uliporudi, pampu haikuzunguka. Ilisaga meno tu.

"Nilidhani una inveta ya kushika umeme ukikatika," alisema Don Wenceslao alipofika.

"Inveta ni ya taa na mashine za kunyolea. Ungejua, ungefanyaje?"

Mzee alitoboa bomba tundu dogo, chini kidogo tu ya usawa wa maji. Umeme ukikatika, alieleza, maji yatashuka kidogo, tundu litavuta hewa, na mteremko utakatika. Pampu aliifungua, akaondoa punje za mchanga zilizokwama ndani, akaikalisha juu ya bakuli lililopinduliwa ili isimeze mchanga tena. Alipomaliza aliondoka bila kuaga, ambayo ndiyo adabu yake.

Yocasta alingoja mlango ufungwe.

"Nimevumilia uji," alisema. "Nimevumilia harusi ya mchanga. Nimevumilia mafuriko na kiuno kinaniuma. Jumamosi inayokuja ni mkesha wa Siku ya Akina Mama, humu hapatakuwa na pa kukanyaga. Tone moja likigusa sakafu yangu mbele ya wateja, Jumapili tangi linaondoka. Na usije ukanililia."

"Sawa, dada," alisema Nurys.

Wiki ilianza vizuri. Maji yalikuwa angavu, mchanga wa kwao umetulia chini ukiwa na rangi yake ileile ya asali, na kwenye moja ya mawe aliyoleta Don Wenceslao alitokeza kaa mdogo kama ukucha. Alichungulia, akakagua, akarudi ndani. Wateja wakampa jina la Mwenye Nyumba, kwa sababu alitoka tu kuangalia mali yake. Mashine ya povu ilifanya kazi kwa heshima, Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa jioni povu likaanza tena kupanda. Nurys alikimwaga kikombe kwa siri, mara moja, mara ya pili, huku Yocasta akikunja taulo. Alijiuliza kama shampuu ilibaki mchangani. Lakini kama ni shampuu, mbona Jumatano haikuwepo?

Jumamosi wanawake walifika kabla ya kahawa. Kufikia adhuhuri kila kiti kilikuwa na mtu, kila mtu ana rola, na draya zilinguruma mpaka watu wakawa wanasengenyana kwa kupayuka. Ndipo umeme ukakatika. Draya zikanyamaza. Wote, bila kuambiwa, wakageuka kutazama kona ile, kwa sababu habari ya mkataba wa dada wawili ilikuwa imefika mpaka kwa muuza maandazi.

Nurys alifungua kabati. Maji yalikuwa yakishuka kutoka juu, sanduku likipanda, likipanda. Likakaribia ukingo. Kisha bomba likakoroma mara moja, likavuta hewa, na maji yakasimama chini ya ukingo kwa upana wa kidole.

"Tundu limefanya kazi," alisema Doña Tomasina kwa sauti ya kanisani.

"Siku haijaisha," alisema Yocasta.

Umeme uliporudi mtaa mzima ulishangilia kama kawaida yake, pampu ikazunguka bila kusaga meno, na kazi ikaendelea. Sasa ndipo zilipofika nywele za kumalizia. Yocasta hutengeneza mitindo kwa spre, na mkono wake si wa kubania. Anapuliza kichwa mpaka kikigongwa kinaitika. Alimpuliza wa kwanza, akampuliza wa pili, hewa ikawa na ukungu mtamu, na Nurys, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya kabati, akaona povu likianza kupanda. Dada yake akageukia kichwa cha tatu. Povu likapanda tena, kwa haraka zaidi. Alitazama kikombe, akautazama ule mrija mwembamba unaovuta hewa, akaitazama spre.

Spre nyingi hutumika Ijumaa na Jumamosi. Jumatano ni kuosha na kukausha tu.

"Dada," alisema. "Acha kupuliza."

"Nini?"

"Mashine inavuta hewa ya humu. Inakunywa spre yako. Si mchanga. Ni wewe."

Yocasta alishusha mkono polepole.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemwaga maji sakafuni kwangu."

"Hayajamwagika bado. Kapulizie nje."

"Nje, kwenye vumbi? Wateja wangu?"

Povu lilikuwa limefika mdomoni mwa kikombe na kutuna juu yake kama mkate. Povu halikomi kwa kuombwa, plagi ya mashine ilikuwa nyuma ya kabati pasipofikika upesi, na kukitoa kikombe wakati ule kungelimwaga lote. Nurys alishika taulo na kumtazama dada yake, na macho yalimjaa machozi mbele za watu, jambo ambalo hakulipanga. "Kesho sina pa kwenda, Yocasta," alisema. "Nina hapa tu."

Yocasta hakuwasha draya. Alisimama na ile spre kama mtu aliyeshikishwa kitu cha wenyewe.

Aliyeinuka kwanza ni Doña Tomasina. Alijifunga kitambaa chake shingoni, akabeba kiti chake mwenyewe, akatoka nacho mpaka kando ya barabara, akaketi, akakunja mikono. "Mimi nangoja," aliita. "Na ujue jua linanichoma."

Yocasta alimfuata. Mtu akafungua madirisha, mwingine akapepea kwa gazeti. Povu lilibaki juu ya ukingo likijishauri kwa muda uliomtosha Nurys kuwakumbuka watakatifu wote wa mama yake, kisha likaanza kuzama lenyewe. Nje, wanawake walipanga foleni ya kupulizwa kando ya barabara, waendesha pikipiki wakipunguza mwendo kuwasifu, na wawili waliokuwa wakipita tu waliingia foleni nao. Tangu wafungue saluni hawakuwahi kupata tangazo kama lile.

Don Wenceslao alipigiwa simu. "Spre," alisema. "Sikufikiria. Jumatatu nitautoa mrija nje, uani. Na nitakuja na samaki." Kisha akakata.

Jumapili Nurys alikwenda saluni mapema kumwaga kikombe. Alikuwa amenunua mkate wa mahindi njiani, ule wa kula peke yako. Alikuta mlango umeshafunguliwa. Ndani taa hazikuwashwa, mwanga ulitoka tangini tu, na mbele yake, chini ya draya iliyoharibika, aliketi Yocasta. Alikuwa na rola kichwa kizima. Lile beseni la kuoshea miguu alikuwa amelivuta kutoka chini ya kaunta, na miguu yake ilikuwa imezama mpaka vifundoni katika mchanga wa Monte Cristi na maji ya chumvi aliyoyachota kwenye ndoo ya akiba.

Hakugeuka. "Mwenye Nyumba ametoka mara mbili," alisema. "Sijui anatafuta nini."

"Umekuja tangu saa ngapi?"

"Nilidhani nitakaa nyumbani. Nikashindwa." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ndiyo maana sikulitaka hili tangi, Nurys. Nilijua nitakaa hapa hivi."

Kisha akasogeza miguu yake upande mmoja wa beseni.

"Vua viatu. Panatutosha."

Nurys aliweka mkate juu ya kaunta, akavua viatu. Lakini hakuingia. Alikwenda kwanza mbele ya kioo, akafungua droo, akaanza kujifunga rola.