Meli Iliyokamatwa na Radhi ya Dadangu

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze jambo ambalo watu wengi huliona halina njia, na kumbe linayo. Nitakwenda polepole, usiwe na wasiwasi.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1968, Korea Kaskazini iliikamata meli ya upelelezi ya jeshi la majini la Marekani pamoja na mabaharia wake. Wakorea walisema imeingia katika bahari yao. Wamarekani walisema haikuingia. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikiishi kwa mama yangu Mji wa Kale, na kwa kuwa nilikielewa Kiingereza cha redio, mimi ndiye niliyeieleza habari hiyo nyumbani. Kwanza Marekani ilipeleka manowari na ndege kule. Halafu maofisa wa pande mbili wakakaa mezani. Wakorea walitaka Marekani ikiri kosa, iombe radhi na iahidi kutorudia, ndipo mabaharia waachiliwe. Marekani ikakataa kukiri. Miezi ikapita hivyo, na kila nikizima redio mama huniuliza, "Wale watoto wa watu bado?"

"Bado, mama."

Ulipoingia mwezi wa Rajabu, dadangu mdogo akarudi nyumbani na sanduku lake. Alikuwa ameolewa Makadara. Kwenye harusi moja alivaa leso mpya, yaani kanga, na wifi yake, dada wa mumewe, akayasoma maneno yake akaona amepigwa kijembe mbele ya wageni. Kwetu leso husema. Mwanamke mwenye la kumwambia mwenzake humvalia, basi. Lakini dadangu aliinunua ile kwa rangi yake, maneno hakuyatazama. Mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, akamtaka aombe radhi. Akakataa. Ramadhani ilipokaribia tukaletewa ujumbe: Idi ikimalizika hajaomba radhi, ataandikiwa talaka.

Dadangu naye talaka hakuitaka. Mumewe, karani wa ghala moja huko Shimanzi, alikuwa mtu mpole aliyebanwa baina ya mama na mke. Ramadhani nzima alimletea mkewe bakuli la kaimati za futari kabla ya magharibi, na bakuli halikurudi tupu hata siku moja.

"Sema tu niwieni radhi," nilimwambia. "Ni neno moja."

"Nikilisema nimekubali. Kesho Makadara nzima watanena nilimvalia wifi yangu leso. Nitaishi vipi mule ndani?"

Mjomba wetu alikuwa na njia yake. "Niachieni mimi. Nakwenda na wanaume wenzangu, tunasimama mlangoni kwao, watatia akili."

"Manowari za Wamarekani zimepelekwa kule tangu mwaka kuanza," mama akamjibu. "Zimemtoa nani? Kunywa kahawa yako."

Katika zile siku za Idi, nyumba ikinukia udi, redio ikasema mabaharia wameachiliwa. Wamevuka daraja kwa miguu, mmoja mmoja. Mama akainua mikono akashukuru. Kisha akauliza, "Kwa hivyo Marekani imekiri?"

Nikawaeleza nilivyosikia. Jenerali wa Marekani alisema kwanza kwa sauti, mbele ya Wakorea, kwamba yaliyomo katika ile karatasi ya kukiri kosa si kweli, na kwamba anaitia sahihi ili watu wake warudi tu. Kisha akaitia sahihi.

Mjomba akacheka. "Radhi gani hiyo? Ametema, akameza."

"Watoto wamerudi au hawakurudi?" mama akauliza.

"Wamerudi."

"Basi."

Dadangu alikuwa akipanga vikombe. Akaviacha. "Na wale Wakorea walimsikia akikana?"

"Walikuwa mbele yake. Walijua tangu mapema atakalolisema."

"Na wakakubali?"

"Wakakubali."

Akaenda kutafuta buibui lake. Mama akamzuia kidogo, akanituma mimi nitangulie, ili mavyaa asishtuliwe. Nilimkuta amekaa na binti yake, yule wifi. Nikamwamkia kwa adabu, nikamweleza kwamba dadangu atakuja, na kwamba atakana kwanza.

Akauliza, "Na radhi ataiomba?"

"Ataiomba."

"Mbele ya mwanangu huyu?"

"Mbele yake."

"Na aje. Na akane, mdomo ni wake."

Dadangu akaja, akambusu mavyaa mkono. "Mama, leso ile sikumvalia mtu. Hilo nitalisema mpaka nife." Kisha akamgeukia wifi yake. "Lakini uliumia, na aliyeivaa ni mimi. Niwie radhi."

Wifi akamtazama. "Ungalisema hivi tangu Rajabu, Idi tungalikula pamoja."

"Nawe ungaliniuliza tangu Rajabu, ningalikwambia."

Wakaangua kicheko wote wawili. Mavyaa akaagiza chai. Alasiri hiyo mume wa dadangu akaja kwetu kuchukua sanduku, akalitia begani mwenyewe na kukataa kusaidiwa, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola ya kanzu mpya.

Nawe ukiwa na ugomvi wa namna hii, mtume kwanza mtu mpole akaeleze utakachosema. Kisha nenda mwenyewe, ukane usilolifanya, na papo hapo, kabla hujaondoka, muombe radhi aliyeumia.