Upset ya Dada

Neno la Kiingereza upset nililijua kutoka kwenye karatasi za dawa. Pale Kambi Muru, Kibera, kwa maji tuliyokunywa, matumbo ya watu yalivurugika kila wiki, na duka la dawa liliandika stomach upset. Mimi ndiye niliyewasomea majirani. Nilikuwa darasa la sita, miaka ya tisini, namba moja kwa Kiingereza, na kiburi kilikuwa kimenijaa pomoni. Hakuna aliyenieleza kwamba hata moyo huweza kuwa upset.

Dada yangu alikuwa ameolewa na fundi wa viatu kule Gatina, Kawangware. Si mbali, mtu huenda kwa miguu. Lakini mahari haikuwa imetolewa, na kwetu Magharibi mama hakanyagi kwa mkwe kabla ng'ombe hawajafika, isipokuwa binti mwenyewe amwite kwa shida. Kwa hiyo mama alingoja salamu tu.

Siku moja mama mboga wa kanisani kwetu, aliyeuza hadi Gatina, alituletea barua ya dada. Ilikuwa ya Kiingereza. Mama alicheka. "Huyu naye, ametuandikia kizungu sisi kama nani?"

Sikujiuliza. Leo najua kwamba shemeji alisoma Kiswahili na Kiluhya vizuri, ila Kiingereza hakukijua. Dada aliandika kwa lugha ambayo mumewe hangeielewa, akamtegemea mtu mmoja tu nyumbani kwetu. Mistari ilikuwa miwili. I am very upset here. Please do something.

"Anasema tumbo inamsumbua sana," nilimwambia mama bila kusita. "Anataka dawa."

Mama alichemsha mwarobaini papo hapo, akaujaza kwenye chupa ya soda na kuifunga kwa nailoni. Alimkabidhi mama mboga pamoja na ujumbe. "Mwambie anywe yote. Ni chungu, lakini asiteme. Akivumilia itaisha."

Barua nyingine haikuja. Mama alisema dawa imefanya kazi, nami nikajipongeza.

Muhula uliofuata, mwalimu aliandika ubaoni sentensi kuhusu mama aliyekuwa upset kwa sababu mwanawe amepotea. Niliinua mkono nikasema huyo mama aliumwa na tumbo. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akaeleza kwamba ni kuvurugika moyo, kuwa na huzuni, kukosa raha. Nililia mpaka kengele ikalia, na wenzangu wakadhani ni aibu.

Jioni nilimweleza mama yote, naye hakunipiga. Heri angenipiga. Alijifunga leso, akanishika mkono, tukapitia mtaa wa Ayany hadi Gatina, na habari ya ng'ombe hakuitaja tena.

Tulimkuta dada akifua nje ya chumba chake. Alikuwa amekonda uso, na jino moja la mbele halikuwepo. Chupa yetu ilikuwa dirishani, tupu.

"Twende nyumbani," mama alisema.

"Niende wapi na hii?" Dada alijishika tumbo, ndipo nikaona lilivyotokeza. "Si ulisema nivumilie? Nilikunywa yote, mama. Sikutema."

Nilijua mama ataniambia nieleze. Hakufanya hivyo. "Nilikosea mimi, msichana wangu," alisema. "Nisamehe."

Dada akanigeukia. "Na wewe, si uliisoma ile barua?"

"Niliisoma."

"Ukamwambia vile nilisema?"

Mama alinitazama akangoja. Ningeweza kusema hapo hapo, na dada angejua kwamba mama hakuwahi kumtupa. Niliogopa. Nilikuwa namba moja kwa Kiingereza.

"Nilimwambia," nikasema.

Dada alitikisa kichwa na kurudi kwenye beseni lake. Tulirudi Kibera wawili, kama tulivyokuja.

Mama hakunishtaki, si siku ile wala baadaye. Na siku tulipomzika mama, dada alisimama kando ya kaburi, macho makavu, nami bado nilinyamaza.