Ziwa Lililorudi Vipande Vipande

Ziwa letu lilikuwa dogo. Mtoto mwenye kombeo angerusha jiwe likatua ng'ambo. Wanyasa waliokuja Mbinga kutuuzia usipa, dagaa wao, walikuwa wakilicheka: "Hili nalo ziwa?" Tukawajibu kwamba lao kubwa halipandi mlima kutufuata. Lilipokauka tukakosa la kuwajibu.

Lilikauka miaka ile chama cha ushirika kilipokufa na kahawa ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye pikapu na mzani wake. Mizani hiyo ilikuwa na maneno yake, kilo zetu zikipungua humo. Baba mkwe wangu alikasirika, akang'oa mibuni ya bondeni, akapanda milingoti, ile mikaratusi, kuzunguka chemchemi iliyolisha ziwa. Bwana miti alikuwa ametufundisha kwamba miti huleta maji; hakutuambia kwamba mingine huyanywa. Milingoti ikarefuka, ziwa likawa tope, na tope likawa udongo mweusi mzuri. Mmatengo akiona udongo mzuri haulizi jana ulikuwa nini.

Mama yangu mzazi alikuwa kati ya wa kwanza kushuka humo. Ni mjane; shamba la mlimani walikuwa wamelichukua ndugu wa marehemu baba, na pale chini hapakuwa na wa kumfukuza. Akachimba ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani yanayozuia mvua isikimbie na udongo, na maharage akayapanda kwenye kingo zake. Wengine wakafuata. Ngolo ni za mteremko, kwenye tambarare hazina kazi, lakini mtu hulima alivyofundishwa na mama yake. Nami nilishuka kumsaidia, tukachimba tunacheka.

Mvua iliyofuata ikajaza kila shimo. Nilisimama mlangoni kwa wakwe zangu, huko juu, nikaliona ziwa limerudi vipande vipande, kila kipande na mwenyewe. Haikupita wiki maji yote yakazama ardhini, na sisi wanawake tukarudi kupanda kilima cha pili na ndoo kichwani, kugombea maji yenye viluwiluwi.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wenye miti walisema: fukieni mashimo, ziwa litajaa. Wenye mashimo wakasema: kateni miti kwanza. Kila upande ulisema kweli tupu kuhusu mwenzake. Mimi nilizaliwa chini, nikaolewa juu. Njia mbili zilimshinda fisi mwenye miguu minne, sembuse mimi. Maji niliyataka kuliko wote waliokuwa wakipiga kelele, maana wengi wao hawakuwahi kubeba ndoo.

Kwetu ukoo hula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na maneno ya ukoo humalizwa hapo hapo. Hiyo ndiyo sengu. Lililoamuliwa kwenye sengu halipingwi nje. Jioni moja baba mkwe alinawa mikono, akasema, "Miti haikatwi. Mashimo yafukiwe. Anayekula hapa amesikia." Nilikuwa na tonge mkononi. Ningeliweka wapi? Nikala.

Mkutano wa kijiji ulipokwama, mwenyekiti akapata akili yake ya kijanja. "Shemeji yetu yule pale," akasema, akininyooshea fimbo, "ni mtoto wa chini na mke wa juu. Jumapili baada ya misa atuambie tuanze na lipi, nasi tutafuata." Watu wakapiga makofi. Hakuna kinachofurahisha watu kama mzigo uliopata kichwa cha mwingine. Tulipofika nyumbani mume wangu akasema maneno mawili tu: "Lakini ulikula."

Wiki ile sikulala vizuri. Nikisema mashimo, nimemfukuza mama yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikisema miti, nimevunja sengu, na mke aliyevunja sengu hurudishwa kwao bila watoto. Kwetu ni wapi? Kwa mama, nani mwingine. Niliwachukia wote, wa juu na wa chini, na lile ziwa nikalichukia pia.

Jumapili asubuhi, kabla ya kengele, nilichungulia bondeni nikamwona mama yuko peke yake na jembe. Alikuwa anasawazisha shamba. Maharage yalikuwa yameshatoa maua. Nikashuka mbio, kanga mkononi.

"Shikamoo mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nafukia."

"Mbona sijasema kitu!"

"Ndiyo maana nafukia sasa. Ukishasema, mwanangu, utakuwa umesema. Wakikuuliza, waambie shamba la mama yako halipo, wakamuulize mwingine."

Nililia. Nikamwambia wenzake hawatafukia, ziwa halirudi kwa shamba moja, na miti iko pale pale.

"Najua," akasema. "Kwani nimekwambia nafukia kwa ajili ya ziwa?"

Akanipa jembe, akaketi kupumzisha mgongo. Nikayafukia yale maua.

Mkutanoni sikuulizwa kitu. Baba mkwe alisimama akasema mama yangu ni mtu wa kuigwa, watu wakapiga makofi tena, na hakuna aliyemwiga. Mashimo ya wengine yalibaki, milingoti ikabaki, na udongo wa ziwa ukapasuka. Mama, akiwa ameshaliacha shamba mbele ya wote, akawa hana pa kulima. Kumlisha waziwazi nilishindwa. Wakwe zangu wangesema mama yangu anakula mali ya miti aliyoipinga. Basi kila siku nilikuwa nashuka na kikapu kukata majani ya nguruwe, na chini ya kikapu kuna ugali wake, umefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa anakula haraka, amegeukia ukuta, huku mimi nakata majani. Nguruwe wa baba mkwe wakanenepa, naye akanisifu mbele ya sengu nzima.