Sawa ya Bi Thuwaiba

Bi Thuwaiba binti Hamid hakuzaliwa mkali. Ukali alifundishwa na bibi yake, kwa uzi. Alipokuwa na miaka saba, nyumbani kwao Jang'ombe, bibi huyo alimkalisha mkekani, akamwekea mbele sinia la asumini, mrehani na vipande vya jani la mkadi linukialo, akamwambia afunge kikuba, kile kishada cha maua cha kuvaa kifuani. Akafunga. Bibi akakigeuza, akaona uzi umetokeza upande mmoja kiasi cha ncha ya ukucha, akakifumua chote. Kikuba cha kwanza kukubaliwa kilikuwa cha arobaini na kitu, na mtoto alilia kwa furaha kama aliyekhitimu msahafu.

Leo ana miaka hamsini na minane, na kazi nyingine hajaifanya wala hakuitafuta. Kila baada ya adhuhuri hukaa na sinia lake pembezoni mwa soko la Darajani, na wanawake wanaokwenda harusini humpitia. Kikuba chake ni kidogo tu, cha kubana kwa pini kifuani, na asumini zake huwa bado zimefumba. Hapo ndipo penye kazi. Asumini iliyofumba mchana hufunguka jioni, ikiwa kifuani mwa mwenyewe, harusi imekolea. Iliyokwisha kuchanua siniani huwa imenyauka kabla bibi harusi hajatoka. Wapo wauzao hizo zilizochanua, kwa sababu zinanukia papo hapo na mnunuzi hana habari. Bi Thuwaiba anawajua, na ukimuuliza atakutajia majina yao na mitaa wanayokaa.

Asubuhi ya harusi ya binti yake mwenyewe, rafiki za binti walifunga vikuba thelathini kwa mapenzi yao. Alivikagua kimoja kimoja, akavifumua vyote thelathini, akaanza upya peke yake huku watu wakimwita akaoge. Jirani yake wa sinia, Bi Sichana, anaisimulia hadithi hiyo kila mwaka, na kila mwaka vikuba vinaongezeka. Bi Thuwaiba hunung'unika, lakini moyoni hufurahi. Alikuwa maskini wa mambo mengi, ila neno lake lilikuwa zima. Akisema sawa, ni sawa.

Ndiyo sababu Asila alimjia yeye. Asila ni binti wa kaka yake, anatembeza wageni Mji Mkongwe, na mwaka ule alikuwa ameajiriwa kwa wiki mbili na watu wa televisheni.

"Shangazi, kuna mashindano ya kusafiri," alimwambia. "Watu wawili wawili wanakimbizana nchi hadi nchi. Kila wanapofika wanapewa kazi ya watu wa pale. Wakiiweza wanapata bahasha ya kuwaambia wapi waende. Watakaofika wa mwisho wanarudishwa kwao."

"Na mie nahusika vipi?"

"Kazi yao hapa ni kufunga kikuba. Weye ndiye utakayesema sawa au hapana. Kikiwa kibovu, wanakaa wanafunga tena."

Bi Thuwaiba alicheka. Kazi hiyo angeifanya hata usingizini.

"Lakini ujue," Asila akaongeza, "hawa wote walishashindana zamani wakatolewa. Huu ni msimu wa waliorudi. Wakitolewa safari hii, hawaitwi tena. Basi usimwonee mtu, na usimpendelee mtu."

"Mie?" alisema Bi Thuwaiba, na kweli aliudhika. "Kwani hunijui?"

Siku yenyewe alikalishwa kwenye baraza ya nyumba moja ya Kiponda, amevaa baibui mpya, bahasha zimepangwa kwenye kikapu ubavuni. Wageni walitokea vichochoroni wakihema, kila jozi na fulana za rangi yake. Kikuba cha mfano kilikuwa kimetundikwa ukutani. Bi Thuwaiba akafurahi siku nzima kwa kusema hapana. Jitu moja lenye misuli lilifumuliwa kikuba mara tano, likakaribia kulia. Wapiga picha walimpenda. Moja baada ya moja jozi zikafunga vizuri, zikachukua bahasha, zikatoka mbio, mpaka zikabaki mbili.

Jozi ya kwanza walikuwa dada wawili wa fulana za kijani, wasichana wembamba wenye vidole vyepesi. Alishawakatalia mara mbili. Mara ya kwanza uzi ulionekana, mara ya pili walitia asumini mbili zilizochanua. Hawakubisha. Walirudi mkekani, wakaanza cha tatu, na alipowatazama akajua kwamba hicho kitakuwa chenyewe. Mkubwa alikuwa ameshajua kuuficha uzi chini ya mkunjo wa mkadi, jambo ambalo hakuna aliyemwonyesha.

Jozi ya pili walikuwa mwanamke wa fulana ya zambarau na mwanawe wa kiume. Mwanamke alikuwa na nywele nyeupe tupu na mikunjo ya uso iliyojaa. Alinyanyuka na kikuba chake, akaja kwa taabu, goti moja likimsumbua, akainama mbele ya baraza na kusema, kwa matamshi aliyofunzwa na dereva wa teksi:

"Shikamoo, mama."

Bi Thuwaiba alihisi damu inampanda usoni. Mtu mzima huyu, mwenye mvi kichwa kizima, anamwamkia yeye! Maisha yake yote hajapata kuacha mkubwa amtangulie kwa salamu, seuze kupokea shikamoo yake. Aliona kama kwamba bibi yake amesimama nyuma yake na sinia. Aliinuka upesi, akaushika mkono wa mgeni, akaubusu.

"Astaghfirullah! Shikamoo mie, bibi! Shikamoo mie!"

Mgeni hakufahamu, akacheka, naye akambusu mkono. Wapiga picha wakasogea. Ndipo akamnyooshea kikuba.

Kilikuwa kibovu. Mkadi umepinduliwa, uzi umezungushwa nje kama mzigo wa kuni, asumini tatu zimechanua na moja ilikwisha kuwa na madoa. Bi Thuwaiba alikiona chote kwa mtazamo mmoja. Neno hapana lilikuwa tayari mdomoni. Lakini utamwambiaje hapana mtu ambaye mate ya shikamoo yake hayajakukauka mkononi? Utamfumuliaje kazi yake mbele ya mwanawe?

"Sawa," alisema, akampa bahasha.

Mama na mwana wakapiga kelele za furaha, wakakimbia. Hazikupita dakika nne dada wa kijani wakaja na kikuba chao cha tatu. Kilikuwa kizuri hasa, angeweza kukiuza Darajani bila kukigusa. Alisema sawa, na mkubwa wa dada akaweka mkono kifuani kumshukuru. Baadaye Asila akarudi kutoka Ngome Kongwe, palipokuwa mwisho wa mbio za siku ile. Zambarau wameponea chupuchupu. Kijani wamefika wa mwisho, wametolewa.

"Dakika tatu tu, shangazi," alisema Asila. "Masikini."

Bi Thuwaiba alikusanya maua yaliyobaki. Alikuwa ametia saini karatasi kwamba hatasema lolote mpaka kipindi kionyeshwe, na kwa mara ya kwanza aliiona karatasi ile kuwa ni neema.

Miezi minane ilipita, na hakuna uongo uliomkaa mtu vibaya kama ule. Alijitetea. Nilimstahi mtu mzima, alijiambia akitawadha. Ningefanya nini, nimvunjie heshima? Kila alipojiambia hivyo aliwaona wasichana wawili wameinama mkekani, vidole vimezongwa na uzi, wakimwamini. Mbaya zaidi ni kwamba kazi yenyewe ilianza kumponyoka. Mwanafunzi wake, msichana aliyekuwa akijifunza kufunga kwake, alimletea kikuba chenye uzi nje. Akakigeuza, akatafuta hapana yake, hakuiona. Nani yeye wa kumkatalia mtu?

"Wewe unaumwa," Bi Sichana alimwambia. "Jana umepitisha kikuba ambacho mie nisingemfungia paka."

"Macho tu," alisema Bi Thuwaiba.

"Macho yako yanaona uchafu wa ng'ambo ya barabara. Sema jengine."

Bi Thuwaiba akavuta uzi, akaanza kikuba kingine.

Kipindi kilionyeshwa Ijumaa moja, baada ya alasiri. Asila alikipata kwenye kompyuta yake, akaiunganisha na televisheni ya nyumbani kwao Jang'ombe, na nusu ya mtaa ikajaa sebuleni. Bi Sichana alikaa mbele kabisa, na sahani ya visheti mapajani. Bi Thuwaiba alikaa pembeni, karibu na mlango, kama mtu anayetaka njia ya kutokea.

Kwanza walionyeshwa washindani, kila mmoja jina na umri wake chini ya uso, na Asila akawa anasoma. Dada wa kijani, miaka ishirini na sita na ishirini na tisa. Mara ya kwanza waliposhiriki walitolewa siku ya kwanza kwa kukosa treni, na miaka minne wamekuwa wakijiandaa kurudi. Kisha ukaja uso wenye nywele nyeupe.

"Miaka arobaini na tisa," Asila alisoma.

"Nani?" Bi Thuwaiba aliuliza.

"Huyu wa zambarau, uliyembusu mkono. Anasema nywele zilimgeuka nyeupe tangu hajafika thelathini, ni mambo ya ukoo wao."

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. "Arobaini na tisa!" Bi Sichana alipiga mapaja, visheti vikamwagika. "Thuwaiba! Umemwamkia mtoto! Yeye kakupa shikamoo yako halali, umeikataa ukampa yeye!"

Bi Thuwaiba naye alicheka, kwa midomo. Ndani alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo. Miezi minane alikuwa amejifunika kwa mvi za yule mwanamke, na mvi zenyewe hazikuwa na umri. Mkubwa pale barazani alikuwa ni yeye. Alichotakiwa kusema ni marahaba, kisha hapana. Hata udhuru wake ulikuwa mbovu, naye hakuukagua, yeye anayekagua kila kitu.

Kipindi kikaendelea. Busu la mkono likaonyeshwa polepole, kwa muziki, na watu wakasema mashaallah, hiyo ndiyo adabu ya Unguja. Kikuba cha zambarau hakikuonekana hata kidogo. Kisha Ngome Kongwe, na dada wa kijani wakiambiwa wametolewa. Mdogo alilia. Mkubwa aliulizwa jambo, akajibu huku ameshika kile kikuba chao cha tatu.

"Wamemuuliza kama mama wa maua alikuwa mkali mno," Asila alifasiri. "Anasema hapana. Anasema, alitukatalia mara mbili na mara zote mbili alikuwa na haki. Anasema, ndiyo maana aliposema sawa nilijua tumeweza kweli. Hicho ndicho ninachorudi nacho nyumbani."

Watu wakapiga makofi, wakamgeukia. Bi Thuwaiba alisimama.

"Nyamazeni," alisema. "Wale wazambarau nliwapa uongo. Kikuba chao kilikuwa kibovu kuliko vyote vya siku ile. Hawa watoto wametolewa kwa mkono wangu."

Kila mtu akatazama miguu yake kwa aibu. Asila alikuwa wa kwanza kunena.

"Shangazi, yashapita. Nani atajua?"

"Mie najua tangu siku ile. Hebu watafute kwenye simu yako. Nnataka kuwaambia."

Asila aliwapata. Bi Thuwaiba akajirekodi, akayasema yote bila kujipamba: mvi, salamu, uzi uliokuwa nje, asumini zilizochanua. Aliomba radhi mara moja tu, kwa sababu aliona kuomba mara nyingi ni kuwalazimisha. Asila akaongeza tafsiri, akatuma. Usiku ule alilala vizuri, na siku ya pili, huko Darajani, aliifumua kazi ya mwanafunzi wake mara mbili. Bi Sichana akamshukuru Mungu kwa sauti.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Asila alilileta mwenyewe sokoni, na hakukaa.

"Wanakushukuru kwa kuwaambia," alisema. "Hawana kinyongo, wanasema mchezo ni mchezo. Ila yule mkubwa ana swali moja." Akaitazama simu. "Anauliza, na chao cha tatu kilikuwa sawa kweli? Au nacho uliwapa kwa huruma?"

Bi Thuwaiba alikuwa na asumini mkononi. Aliiweka chini.

"Kilikuwa sawa," alisema. "Wallahi kilikuwa sawa. Washa simu."

Asila akawasha. Bi Thuwaiba akakaa wima, akajitengeneza mtandio, akasema maneno hayo hayo, taratibu, akitazama simu machoni. Kisha akataka kulisikia jibu kabla halijatumwa. Sauti yake ikatoka kwenye simu, tulivu, ya huruma, yenye kutabasamu kidogo. Ilikuwa ni ile ile sauti aliyompa yule wa zambarau.

"Futa," alisema. "Tuanze tena."

Wakarekodi la pili, na la tatu. Wateja wakaanza kusimama mbele ya sinia. Bi Thuwaiba hakuwaona. Alikuwa ameinamia simu ya Asila, akilisema lile neno tena na tena, na kila likirudi masikioni mwake anaona uzi umetokeza.